Mihadhara ya maprofesa wageni, kutoka ukumbini mpaka mwaloni: shajara ya mradi, Mwanza 2024

Naandika humu kila hatua ikiisha ili chuo kingine au kikundi chochote kikitaka kufanya kama sisi kisianzie moja. Mambo ya kawaida nayapita haraka, yaliyokwama nayaeleza kwa urefu kwa sababu ndo yaliyotugharimu.

3 Februari 2024: tunataka nini

Chuo chetu hapa Mwanza kila mwaka kinapata wageni wazito, maprofesa na watafiti wa nje wanaokuja kufundisha muhula au kukaa wiki chache, na kila mgeni anaombwa atoe mhadhara mmoja wa wazi. Tangazo linaandikwa "wote mnakaribishwa" alafu ukiingia ukumbini unakuta walimu, wanafunzi waliopangiwa kuja, na viti vya mbele vya waalikwa. Mtu wa Igoma au Mabatini hayupo. Sisi tuliopewa kuendesha mfululizo wa mwaka huu ni kikundi kidogo tu, walimu wachache, wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu na fundi mitambo mmoja, na tumekubaliana kwamba umma usipokuwepo basi huo si mhadhara wa umma hata kama bango linasema hivyo.

Kabla ya kuanza tulisoma kidogo wenzetu wamefanyaje. Kule Uskoti kuna mihadhara ya Gifford, imeanza 1888 na ipo mpaka leo. Jaji Adam Gifford aliacha paundi 80,000 kwa vyuo vikuu vinne na kwenye wosia akaandika kwamba mihadhara hiyo ni ya jamii nzima si ya wanafunzi peke yao, iwe bure au kiingilio kiwe kidogo kabisa cha kuendeshea tu. Nyumbani tuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimeanzishwa 2008 Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na 2009 alikuja mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka, 2010 akaja mwanauchumi wa Misri Samir Amin. Yaani watu wa uzito huo walisimama mbele ya Watanzania wakatoa mawazo yao na wakaulizwa maswali. Hiyo ndo kiu yetu, ila sisi tunataka na muuza dagaa awemo.

Tumejiwekea masharti: ni bure, msikilizaji wa Kiswahili asipitwe na kitu, na nusu ya muda ni ya maswali.

17 Februari: wageni, barua, viza

Hili ni fupi. Hatukununua tiketi hata moja ya ndege. Tulichofanya ni kuomba orodha ya wageni ambao idara zimeshawaalika mwaka huu, tukachagua wenye mada inayogusa watu wa huku, tukapata watatu: mwanahistoria wa ushirika wa pamba, mtafiti wa samaki kutoka Uganda, na mama mmoja daktari mtafiti wa kichocho kutoka Ulaya. Kama mgeni wako anatoka nje ya Afrika Mashariki, waulizeni Uhamiaji mapema aina ya viza inayomfaa mtu anayekuja kufundisha na kuhutubia, msimwache aje kama mtalii. Wa Uganda au Kenya hana haja ya viza, na kwa chuo kisicho na hela nyingi hilo ni jambo kubwa, wasomi wakubwa wapo Kampala na Kisumu wanaotumia ziwa hilihili letu.

Kwenye barua ya mwaliko weka kurasa mbili za kumweleza mgeni hadhira ni nani. Usimwachie mgeni akisie.

10 Machi: mhadhara wa kwanza (ulikuwa jana)

Mada ilikuwa pamba na ushirika wa Kanda ya Ziwa. Ni mada yetu kabisa, maana huku wakulima walipochoka kupunjwa kwenye mizani na wanunuzi wa kati walijikusanya wenyewe, Paul Bomani akiwa mbele, mpaka 1955 ikasimama Victoria Federation of Co-operative Unions, chama cha wakulima Waafrika kilichonunua pamba na kuichambua kwenye jineri zake. Alafu 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Mgeni anaijua habari hii kwa nyaraka, amezisoma miaka na miaka.

Tuliweka ukumbi wa chuo, saa 9 alasiri, Jumamosi. Ukumbi ulijaa. Na hata hivyo mhadhara ulishindikana, naeleza kwanini.

Kwanza itifaki. Tulikuwa na mgeni rasmi, mwakilishi wa mgeni rasmi wa pili, utambulisho wa meza kuu, neno la ukaribisho, neno la utangulizi, na kila anayesimama anaanza upya na itifaki imezingatiwa. Mwanahistoria alipopewa maiki ilikuwa karibu saa 10 na nusu. Pili mwangwi, ukumbi ni mkubwa na dari iko juu, spika zilikuwa mbili tu mbele, kwahiyo wa nyuma walisikia sauti mbili zinazogongana. Tatu lugha. Mhadhara wote ulikuwa Kiingereza, na muhtasari wa Kiswahili tuliochapa ukurasa mmoja uligawiwa mlangoni watu wakiwa wanaingia, nani anasoma muda huo.

Lakini kilichotuumiza zaidi ni hiki. Katika watu waliotoka nje ya chuo alikuwepo mzee mmoja wa Kwimba, mjukuu wake anasoma hapa ndo alimleta. Huyu mzee alilima pamba tangu kijana, alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Yaani ukumbini mle hakuna aliyeijua mada kuliko yeye, hata mgeni mwenyewe, na alikaa mwanzo mpaka mwisho akiangalia slaidi za picha. Muda wa maswali ulibaki dakika kumi, zikaenda kwa waliokaa mbele. Tulipomfuata nje kumsalimia akasema tu kwamba kwenye picha ile ya jineri anawafahamu watu wawili. Basi. Mgeni wetu alipoelezwa baadae alisikitika sana maana alikuwa amewatafuta watu wa aina hiyo muda mrefu.

Gharama ya jana: vitafunwa vya waalikwa 600,000, kupamba ukumbi 250,000, tisheti 400,000, bango 120,000. Jumla shilingi 1,370,000. Angalieni vizuri hiyo orodha, hamna hata shilingi moja iliyokwenda kwenye kumfanya mtu asikie na aelewe.

14 Aprili: majaribio ya lugha

Mwezi wa Ramadhani hatukupanga tukio, tukautumia kutafuta njia ya ukalimani, tumemaliza wiki hii ya baada ya Idd.

Wazo la kwanza la vijana lilikuwa kurusha sauti ya mkalimani kwa mtambo mdogo wa FM watu wasikilize kwa redio za simu zao. Ni wazo zuri kwa kulisikia ila masafa ya redio yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, huwezi kurusha tu kwa sababu una mtambo, na kufuata leseni kwa tukio la saa mbili haiingii akilini. Tukaacha. Na simu nyingi za siku hizi redio yenyewe haifungui bila waya wa hedifoni.

Tukajaribu mkalimani kukaa pembeni na watu wake akiwanong'oneza. Kwa watu watano inafaa, kwa watu thelathini anageuka spika ya pili na mgeni anapoteza mwelekeo.

Tulichobaki nacho ni cha kizamani na ndo kinafanya kazi, mgeni anasema aya fupi, ananyamaza, mkalimani anasema kwa Kiswahili. Shida ya njia hii ni muda, mhadhara wa dakika 50 unakuwa saa moja na dakika 40 na watu wanachoka. Kwahiyo ikabidi tuwaombe wageni wakate, andiko liwe la dakika 20 za kusema tu. Maprofesa hawapendi kukata, tena nawaelewa kabisa, mtu ametafiti miaka thelathini unamwambia dakika ishirini. Tuliwaeleza kwamba yaliyobaki watayasema kwenye majibu ya maswali na kweli ndo ilivyokuwa.

La muhimu zaidi ni maandalizi. Mkalimani tuliyempata ni mwanafunzi wa ualimu, dada mwenye sauti nzuri na asiyeogopa watu, tukampatia mwenzake wa kupokezana. Wanapata andiko wiki moja kabla, wanalisoma, alafu wanakaa na mgeni mchana mmoja wanapita kila hoja, na kikao hicho anakuwepo mtu wa kazi husika, mvuvi au mkulima, awaambie wao huko kazini kitu hicho wanakitajaje. Kikao hicho kimoja kina faida kuliko mtambo wowote. Mkalimani alipwe. Hii si kazi ya kujitolea, ukimlipa anajiandaa na una haki ya kumdai ubora.

19 Mei: mhadhara wa pili, mjini

Jana tulihama chuoni tukaenda ukumbi wa katikati ya mji ambapo mtu wa daladala za Buzuruga, Kisesa, Nyegezi au Airport anashuka akitembea kidogo tu amefika. Saa 8 mchana, tumalize saa 10 na nusu watu wawahi usafiri.

Mtafiti wa Uganda alizungumzia furu, wale samaki wadogo wa rangirangi, na sangara. Kwa ambao hamkuwepo: Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500, na wanasayansi wanaona nyingi zake zilitokea ndani ya muda mfupi mno kwa hesabu za dunia, maana ushahidi wa tope la chini unaonyesha ziwa lilikauka takribani miaka 15,000 iliyopita likajaa tena. Sangara akaletwa miaka ya 1950, miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi, na furu wengi wakapotea. Wataalamu wa Kiholanzi kutoka Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa hapahapa Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 wakihesabu furu na wakashuhudia wanavyoisha. Alafu kuna hili ambalo lilinyamazisha ukumbi, kwamba furu jike anachagua dume kwa rangi, sasa maji yakichafuka mwanga haupenyi, rangi hazionekani, aina zinachanganyikana mpaka zinapotea bila hata kuliwa na sangara. Tope na mbolea na majitaka yanayoshuka ziwani yanaua samaki kwa kuwafumba macho. Niliona watu wanageuka kutazamana.

Ukalimani ulikwenda vizuri sana. Mgeni alianza na "mwadila", salamu ya Kisukuma, ukumbi mzima ukaitikia, na yeye anajua Kiswahili kidogo kwahiyo mara nyingine alikuwa anacheka kabla mkalimani hajamaliza.

Kilichokwama safari hii ni viwili. Mvua. Mwaka huu mvua zimepitiliza na ziwa limepanda, na jana ilinyesha kwenye bati dakika arobaini, hakuna maiki inayoshinda mvua ya Mwanza juu ya bati. Tulisimama tukasubiri. Umeme nao ukakatika, jenereta tulikuwa tumekodi lakini liliwekwa dirishani, likawashwa, kelele ikawa ileile. Dawa yake: waya wa mita hamsini na jenereta lipelekwe nyuma ya jengo, na dereva wa jenereta akae nalo hukohuko.

Cha pili ni maswali. Saa nzima ya maswali, wanaume tu. Wakinamama walikuwa wengi, wachuuzi kabisa wa samaki, hakuna aliyenyoosha mkono mpaka mwisho. Tulipotoka nje mama mmoja akamsimamisha mgeni kwenye ngazi akamuuliza kuhusu mabondo, ile mifuko ya hewa ya ndani ya samaki, kwamba siku hizi bondo la sangara lina bei kuliko nyama yake, linakwenda nje, sasa watu wanawinda sangara wakubwa kwa ajili ya bondo na hao wakubwa ndo wazazi, je akiba ya sangara itabaki? Mgeni alijibu dakika ishirini palepale kwenye ngazi. Swali bora la siku liliulizwa nje ya ukumbi, na kwenye rekodi halimo.

Marekebisho yake tumeshayaandika. Muda wa maswali hauanzi mara tu mgeni akimaliza. Kwanza dakika tano kila mtu ageukie aliyekaa naye waongee, alafu wanafunzi wetu wanapita na karatasi, anayetaka anaandika, asiyeandika anamwambia mwanafunzi anaandikiwa. Maiki inaanzia viti vya nyuma, na swali la kwanza, la pili na la tatu ni la wanawake.

9 Juni: kwenda mwaloni, na usiku wa majaribio

Mada ya kichocho hatukutaka kabisa kuifanyia ukumbini. Tukapata mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kushushia samaki, upande wa Ilemela. Njia ya vibali ni hii: anza na uongozi wa BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia mwalo, ndo wenye mwalo, alafu mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, mwisho barua ya taarifa polisi. Ukianza juu kushuka chini utapata mihuri yote na mwaloni hatakuja mtu.

Watu wa mwaloni walituuliza mapema kama kuna posho. Ni swali halali, miradi mingi inapokuja inalipa kikao. Tuliwajibu wazi kwamba hakuna posho kwa yeyote, hata mgeni mwenyewe halipwi, kuna maji ya kunywa na kiti na daktari wa kuulizwa. Wengine walikunja uso lakini hakuna aliyekuja kudai siku ya siku.

Jana usiku tukafanya jaribio na projekta na kitambaa cheupe, saa 2 usiku, tukiwaza watu watakuwa wamemaliza kazi. Ndani ya dakika chache wakaja wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga, walikuja kama wingu, wakafunika kitambaa, wakaingia kwenye projekta na mdomoni mwa aliyekuwa anajaribu maiki. Picha ikawa haionekani. Tukazima.

Na mwenyekiti wa BMU akatuonyesha tatizo kubwa zaidi. "Sasa hivi ni giza, nyie mnamtafuta nani?" Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kipindi cha giza wavuvi wote wako majini, ni mbalamwezi ikiwaka ndo taa haivuti dagaa na wao wanabaki nchi kavu wanashona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Sisi kalenda yetu ni ya muhula na yao ni ya mwezi. Tukafungua kalenda, mwezi mpevu unaangukia Jumamosi tarehe 22 Juni. Mgeni alikuwa amepanga kuwa Serengeti siku hiyo, tukampigia akaahirisha bila kusita, namshukuru sana.

Mabadiliko mengine: tunaanza saa 9 na nusu alasiri, tunamaliza kabla ya magharibi, kwahiyo wanaoswali wanawahi na wadudu hatukutani nao. Projekta haiendi. Badala yake bango kubwa moja lenye mchoro wa mzunguko wa kichocho, konokono, maji, ngozi ya mtu, ini, choo, na kurudi majini.

23 Juni: mwaloni

Imefanikiwa. Naandika bado nina furaha.

Asubuhi tulimpeleka daktari mwaloni mapema akakaa na mama lishe na waanikaji dagaa, akaingia na wavuvi mpaka kwenye mitumbwi. Aliporudi alikaa chini ya mti akafuta karibu nusu ya andiko lake. Alikuwa amepanga kuanza na Theodor Bilharz aliyemgundua mnyoo huyu Cairo mwaka 1851, akaiondoa, akaanza na alichokiona asubuhi, kwamba wanaume wanaingia majini mpaka kifuani kusukuma mtumbwi kila siku, na kwamba dawa ya prazikwanteli mtu akiimeza inaua minyoo iliyokomaa lakini haimkingi na maambukizi ya kesho. Hapo ndo maswali yalipoanzia, hata hakumaliza.

Mzee mmoja mvuvi akauliza: kama nikimeza leo na kesho naingia palepale, mnanipa dawa ya nini? Daktari hakukwepa. Akasema ndiyo, utaambukizwa tena, lakini minyoo inakaa mwilini miaka, mayai yake ndo yanaharibu ini mpaka mtu anatapika damu, kwahiyo kila unapoipunguza unaokoa ini lako, na dawa peke yake bila vyoo mwaloni haitamaliza. Akageuza kichwa akawauliza wao, choo kiko wapi hapa? Ukimya. Alafu ukazuka mjadala mkali wa wao kwa wao kuhusu choo cha mwalo kilichojaa na nani ana ufunguo wa kile kingine, mkalimani akabaki anamtafsiria mgeni, sasa kwa upande wa pili.

Kijana mwingine akauliza maji ya kuogea, anatoa ziwani, afanyeje. Jibu: vimelea vya kichocho nje ya konokono vina uhai mfupi, maji yakikaa kwenye ndoo au tanki siku moja mpaka mbili yanakuwa salama kuogea kwa upande wa kichocho, konokono wasiwemo tu. Kunywa ni jambo lingine, hapo chemsha. Niliona mama mmoja anahesabu ndoo zake kwa vidole.

Wanawake waliuliza kwanza kama tulivyopanga na karatasi zilijaa hata hazikuisha, daktari akaondoka nazo na ameahidi majibu ya maandishi. Ofisa aliyekuja kumwakilisha mkubwa wake tulimwambia kwenye barua kabisa kwamba hakuna hotuba ila atapewa dakika mbili za kushukuru mwishoni, akakubali, akashukuru, akakaa.

La mitambo kwa wanaotaka kunakili: mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Weka spika upande wa ziwa, migongo yake majini, sauti inakwenda na upepo kwa watu. Tulizipanga kinyume kwanza na hata mstari wa tatu ulikuwa hausikii. Maiki ivae sponji nene, bila hivyo utasikia upepo peke yake.

Hesabu: viti 150 vya kukodi kwa 500 kila kimoja ni 75,000, spika na fundi 150,000, jenereta na petroli 90,000, bango la mchoro 70,000, fotokopi 30,000, wakalimani 120,000, usafiri wa mgeni na wanafunzi 80,000, usafi na ulinzi 40,000. Jumla shilingi 655,000, chini ya nusu ya ule wa ukumbini.

14 Julai: pamba, mara ya pili

Mwanahistoria wetu alikuwa bado hajaondoka tukamwomba arudie, akakubali. Safari hii tulikwenda Kwimba, uwanja wa shule. Jambo jipya tuliloongeza ni mjibu hoja: mgeni akimaliza dakika zake 20, anasimama mwenyeji anayeijua mada kwa maisha yake, anapewa dakika 20 zilezile na kiti kilekile cha mbele. Alikuwa yule mzee karani wa mizani.

Alizungumza Kisukuma nusu na Kiswahili nusu. Alieleza mkulima alipunjwaje, jiwe la mizani lilivyochezewa, jinsi walivyoweka mizani ya wakulima pembeni mtu apime kwanza kabla ya kwenda kuuza, na siku chama kilipovunjwa 1976 vitabu vya hesabu vilikokwenda. Mgeni alimpinga sehemu moja kuhusu miaka, mzee akashikilia yake, wakabishana kwa heshima mbele ya watu wote na hawakukubaliana. Kwangu mimi huo ndo mhadhara. Kuanzia sasa hakuna mgeni atakayesimama bila mjibu hoja, na tumeomba chuo kimlipe mjibu hoja honoraria ileile anayolipwa msomi wa ndani. Ombi liko kwenye meza, bado halijajibiwa.

28 Julai: rekodi

Video nzima tuliyopandisha YouTube baada ya mhadhara wa kwanza karibu hakuna aliyeifungua zaidi ya sisi wenyewe, saa mbili za bando ni hela. Sasa tunatoa sauti tu, Kiswahili tu, tunaikata vipande vya dakika tano sita, kila kipande swali moja na jibu lake, vinarushwa kwenye magurupu ya wasapu ya BMU na ya wazazi wa shule. Hivyo vinasambaa, juzi nimetumiwa kipande chetu wenyewe na mtu wa Sengerema ambaye hajui nimetoka wapi.

Redio ya jamii moja imekubali kuturusha. Hapa tulijikumbusha kwamba mihadhara ya Reith ya BBC ilizaliwa redioni tangu 1948, na 1979 aliyeitoa alikuwa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, kwahiyo redio si daraja la pili hata kidogo. Shida ni ubora wa sauti ya maswali, waulizaji wanashika maiki mbali na mdomo. Tunajaribu mwanafunzi aishike yeye, muulizaji asiiguse.

11 Agosti: kilichobaki wazi

Mhadhara unaofuata tunautaka Nansio, Ukerewe, kuhusu fikra zilizotoka kisiwani, maana kisiwa kile kimetoa Aniceti Kitereza aliyeandika riwaya kwa Kikerewe, na Euphrase Kezilahabi aliyezaliwa Namagondo 1944, mwandishi na mwanafalsafa aliyefundisha mpaka Botswana. Mgeni tuliyemwandikia ni msomi wa fasihi kutoka Nairobi, amekubali mada ila hajathibitisha tarehe. Mjibu hoja hatujampata, tunatafuta mtu wa palepale aliyemfahamu mmoja wao. Spika na jenereta kuvuka na feri tumeambiwa inawezekana ila nauli ya mizigo bado hatujaipata kwa maandishi, kwahiyo siiweki humu mpaka niwe na risiti. Tarehe itafuata mwezi, si muhula. Majibu ya daktari kwa zile karatasi za mwaloni yamefika jana, yanatafsiriwa, yakichapwa BMU watayabandika pale pa kupimia samaki.